Juu ya Elfu Tano

Shaame kaniletea Noah yake, hapa Machomane,
na boksi la spika bado lina unyevu wa meli:
twita mbili, ndogo kama visoda,
na mbili za milangoni, pana kama kisahani cha chai.
Sabufa anayo tangu mwaka juzi.
Ndiyo inayorusha karafuu za Bi Raya
zilizoanikwa ng'ambo ya njia.
"Faki!" huniita. "Mwambie huyo mtoto wa watu
karafuu nimeanika zikauke, sijaziita ngomani."

Nimevua mbao za milango, nimepitisha nyaya chini ya zulia,
za umeme kushoto, za sauti kulia,
zisije zikanong'onezana.
Zamani tulitia kapasita moja nyuma ya twita
tukamwachia Mungu.
Siku hizi mgao hufanywa mapema,
sauti haijapewa nguvu bado:
kila spika na chaneli yake ya amplifaya,
kila moja na mpaka wake,
kama ndugu waliogawiwa shamba baba angali hai.

Themanini kushuka chini, sabufa.
Themanini hadi elfu tatu, mlangoni.
Elfu tatu kwenda juu ni ya twita,
na mteremko uwe mkali, desibeli ishirini na nne,
maana twita ikiangukiwa na besi haigombi.
Inatoa uzi wa moshi, imekwisha.
Nnayo moja kwenye droo, niliiunguza mwenyewe Shaaban iliyopita,
nilikosea chaneli.
Nailipia mpaka leo.

Ningekuwa nimemaliza.
Lakini liko jambo sijamwambia Shaame.
Miaka kumi na tisa nilihudumia majenereta
bila hata pamba masikioni,
na majenereta yakachukua ujira wao.
Juu ya elfu tano mimi sina kitu.
Twita naigusa kwa ncha ya kidole;
ikinitekenya, najua inasema.

Ndipo namwita Zuwena, katoka skuli,
sare mwilini, kiatu mguu mmoja.
Anakaa kiti cha dereva, anafumba macho.
"Anayesoma kasida yuko wapi?"
"Hapa." Anagusa kioo cha kulia. "Kanikalia begani."
Nauchelewesha upande wa kulia, milisekunde moja,
moja na nusu.
"Sasa?"
"Anakuja... kafika kwenye usukani. Mwambie asogee."
"Sasa?"
"Kasimama katikati. Pale penye tasbihi."
Nageuza chanya na hasi za twita.
"Kajificha!"
Narudisha.
"Karudi. Lakini ananichoma meno,
kama mtu anakwaruza sufuria."
Nashusha desibeli mbili. Ya tatu.
Nnachokishusha sikisikii,
niko kama mpishi anayetia chumvi naye kafunga.

"Baba," macho bado kayafumba,
"matari yana vibati, ulijua?
Vinalia nyuma ya kila pigo,
kama sarafu mfukoni mwa mtu anayekimbia."

Ujanani nilipiga tari.
Vibati nilivikata mwenyewe, kwa kopo la maziwa,
nikavitoboa kwa msumari.
"Nilijua," nasema.
Na bisibisi imenishinda kushika.

Shaame kaja baada ya alasiri.
Kasikiliza mlango wazi, kasikiliza mlango umefungwa,
kapiga paa kofi: "Fundi, una sikio wewe!"
Zuwena ananitazama. Mimi natazama skrubu chini.
Ng'ambo, Bi Raya kainamia mkeka wake,
anangoja zirukeruke.
"Zimelala," anasema, kama anayesikitika.

Pesa ya ufundi naihesabu mara mbili.
Namtolea Zuwena noti moja, ya elfu tano.
Anaikunja, anaitia kwenye soksi.
"Na juu yake?"

Juu yake, mwanangu,
yote ni yako.