Ngazi Ishirini na Moja

Tromsø, Desemba. Jua lilishaaga mwezi uliopita,
basi natumia taa za Oddvar,
sita, alizozing'oa katika saluni ya kubabua ngozi iliyofungwa,
akazipanga ndani ya droo ya kabati, akasema:
"Zilishaunguza watu. Zitashindwa karatasi?"

Sijachapa uso wowote bado.
Nachapa vijumba, ishirini na kimoja,
toka cheupe hadi buluu ya usiku,
wino juu ya plastiki angavu,
plastiki juu ya karatasi niliyoipaka chumvi za chuma gizani.
Dakika nane. Kumi. Kumi na mbili.
Nasuuza kwenye beseni, maji yanatoka manjano,
nakausha kwa mashine ya nywele,
nahesabu.

Saba vya kwanza ni karatasi tupu.
Vinne vya mwisho vimezama pamoja.
Kompyuta iliniahidi ishirini na kimoja,
karatasi imenilipa kumi.

Oddvar anachungulia: "Picha ya nini hiyo?"
Ya deni, namwambia.

Naanza na muda: mfupi kuliko wote
unaofikisha buluu mahali ambapo haina tena pa kwenda.
Dakika kumi na moja. Nauandika ukutani, siugusi tena.
Kisha mstari. Kwenye kioo umenyooka kama fimbo ya mwalimu;
samaki mkunje angali mbichi, nami naukunja,
napunguza wino pale ulipoziba,
jaribio la nne, la saba, la tisa,
mpaka weupe ukubali kwamba nao una ngazi.

Maana picha yenyewe ni weupe mtupu:
Gudveig, mama yangu, aliyewahi mvi,
anaanika mashuka juu ya theluji.
Nilipoichapa kwanza, bila kupima,
lilitoka koti lenye mikono miwili, linaelea.

Usiku huu (usiku ni neno tu, ni saa saba mchana)
naitia majini karatasi ya mwisho.
Theluji inaachana na shuka.
Shuka linaachana na nywele.
Kunyanzi kwa kunyanzi kitambaa kinapata uzito wa maji,
na kwenye pindo la chini,
kwa rangi ya kijumba cha tatu, ambacho wiki nzima hakikuwa kitu,
vidole vinne vidogo
vinashika shuka lisiguse chini.

Siku hiyo siikumbuki.
Wala baridi yake.
Oddvar anauliza kama azime taa.
Asubiri, nasema, karatasi bado mbichi,
na buluu ikikauka huzidi kukolea.