Mlangoni

Mimi ndiye wa mlangoni, banda la Sekiondo, Makorora.
Mia tano kichwa; leo fainali, elfu.
Asiyenayo namjua kwa anavyonisalimia.

Sijapata kuona fainali hata moja.
Naona migongo.
Goli nalijua kwa mabenchi: yakianguka, limeingia;
yakilia kidogo tu, limegonga mwamba.
Kona ni kimya cha watu wanaomeza mate.

Wekundu na weupe, wa miji nisiyoweza kuitamka,
lakini Mhando fundi baiskeli kaweka dau pampu yake,
na Zahoro hamsemeshi shemejiye tangu nusu fainali.

Saa sita na nusu. Penalti.
Watoto wamebandika macho kwenye matundu ya bati;
leo siwafukuzi.
Nne kwa nne. Mtu anasoma bismillahi
kwa niaba ya kijana asiyejua Tanga iko wapi.
Kijana anarudi nyuma hatua tatu,

umeme ukakatika.

Giza, jasho, harufu ya tangawizi.
Kisha kutoka Chumbageni, ambako taa hazikuzimika,
likaja yowe refu, likavuka reli,
tukalisikiliza kama barua isiyo na jina.
Kelele hazina jezi.

Mhando akashangilia. Zahoro naye, na shemejiye.
Dakika nne nzima wote walikuwa mabingwa,
wakakumbatiana bila kujua nani ni nani,
nami, mkono juu ya mkebe wa hela,
kwa mara ya kwanza
nikaona sawasawa na waliolipa.