Hundi ya Kadibodi

Fomu inauliza: ufadhili umekubadilishaje?
Mmenipa mistari sita. Nitaizidisha, mnisamehe.

Naitwa Nélida Colque, mhandisi wa maji,
wa kwanza kijijini Turicalla kuvaa joho,
joho la kukodi, refu, likafagia vumbi la ukumbi.
Ada ya miaka mitano ililipwa na Wakfu wa mgodi,
na chakula, na miwani,
na nauli ya basi la saa kumi na saba
kutoka jangwani hadi chuoni, na kurudi Krismasi.
Sikatai. Mkono mtupu haulambwi,
na mkono wenu haukuwa mtupu.

Siku ya makabidhiano mlileta hundi ya kadibodi
pana kuliko mlango, tarakimu nyekundu.
Bwana mmoja mwenye helmeti mpya
akashika ncha yake, nami yangu.
Mpiga picha akasema chekeni, tukacheka.
Akasema tena. Tukacheka tena, pungufu kidogo.
Kisha magari meupe yakaondoka
na hundi mkaisahau.

Bibi yangu Eufrasia hatupi kitu.
Aliipima kwa shubiri, akaitoboa matundu mawili,
akapitisha waya, ikawa mlango wa zizi la mbuzi.
Nchi nyingine ingekwisha kuoza.
Huku Atakama mvua ni habari za watu wengine:
mwaka wa nane huu, jina langu lingali pale,
limekwaruzwa na pembe,
na kila alfajiri bibi anafungua mamilioni
mbuzi watoke wakatafute jani.

Tulikuwa kumi na wawili.
Yerko Ayavire alisomea uhasibu, anauza simu Antofagasta,
fomu zenu hazijibu.
Uwanja wa mpira mliotujengea, wenye nyasi za plastiki,
ni mzuri: wazee wanaanikia mahindi.
Watoto wanacheza pembeni, kwenye mawe, wasiyakanyage.

Kazi pia mmenipa. Naandika haya
kwa kalamu yenye nembo yenu.
Kila mwezi nateremsha kamba ya kupimia
katika kisima cha watu wangu.
Machi, maji yalikuwa mita kumi na moja chini.
Sasa kumi na nne na ushei.
Nyuma ya kilima pampu za mgodi hazilali;
shaba ina kiu kuliko mbuzi, kuliko mahindi,
kuliko bibi aoshaye vikombe vitatu kwa kikombe kimoja
kisha maji yale yale akaupa mtini wake.
Najua kuzisoma namba hizi
kwa kuwa mlinisomesha.
Hapo ndipo fundo lilipo,
na sijui nilifungue kwa kucha au kwa meno.

Husemwa fadhila za punda ni mateke.
Nimeiwaza sana methali hiyo, usiku, taa ikiwa imezimwa.
Lakini sisi ni watu wa lama.
Lama ukimzidishia mzigo hakupigi teke.
Hulala chini, pale pale njiani,
shingo wima, akakutazama
hadi upunguze.

Mistari sita imekwisha zamani.
Naambatisha jedwali la vipimo, miezi thelathini na moja,
kwa mkono wangu, bila kuzungusha desimali.
Mkiuliza kama ni shukrani au ni shitaka
nitasema ni vipimo,
ndivyo mlivyonifundisha kusema.

Na ile picha mliyoomba, ya mhitimu akiwa kazini,
sina. Nawatumia ya zizi.
Mlango uko wazi, mbuzi wameshatoka.
Sahihi yenu inaonekana vizuri, chini kulia,
isipokuwa herufi mbili za mwisho:
hapo mwanambuzi alionja.