Tundu Kwenye Daftari

Daftari la Badi lina matundu.
Si panya, si mende. Ni raba.
Anaandika, anafuta, anaandika, anafuta,
mpaka karatasi inachoka, inatoboka,
na kupitia tundu la ukurasa wa tisa
swali la ukurasa wa kumi na moja
linanikodolea jicho.

Ripoti ilisema: Hisabati, chini ya matarajio.
Sikuuliza matarajio ya nani.
Nilisema mbele ya mama zake wadogo,
sahani ya pilau mkononi,
"Kichwa hiki amekirithi kwa babake."
Wakacheka. Badi naye akacheka,
kicheko cha mtoto anayelipa deni la watu wazima.

Nikaanza kutafuta.

Makupa, chumba juu ya duka la matairi,
watoto arubaini na mmoja, feni moja,
mwalimu ana filimbi shingoni kama refa.
Siku ya tatu Badi akasema tumbo linamuuma.
Siku ya nne vilevile.
Tumbo lilipona Jumamosi.

Nyali, kijana wa chuo kikuu,
miwani safi, maneno safi,
elfu moja na mia mbili kwa saa.
Mimi nashona mabuibui Kibokoni, nalipwa kwa kipande.
Saa yake moja ni mabuibui yangu manne,
na macho, na mgongo.
Hesabu hiyo niliipata bila raba,
nikapitiliza kituo changu nikiwa bado naihesabu.

Bi Mkasi wa chumba cha pili akashauri kombe.
Nikamnywesha, zafarani ikambakia mdomoni.
Dua siikatai.
Lakini Jumatatu sehemu zilikuwa pale pale,
ya juu juu, ya chini chini, mstari katikati
kama ukuta wa watu waliogombana.

Salha sikumtafuta.
Yuko kibanda cha M-Pesa, Mwembe Tayari,
hina imempauka kuchani,
mwaka wa tatu huu anangoja ada ya chuo.
Nilikwenda kutoa mia tano ya unga,
Badi ubavuni, daftari kwapani.
Akalifungua kama anayefungua jeraha la mtu mwingine.

"Hapa palikuwa na jibu gani, kabla hujalifuta?"

Kimya.
Akaja mteja, akaweka elfu mbili.
Akaja mwingine, kasahau namba yake ya siri.
Salha akarudi kwenye tundu, sauti ile ile:
"Palikuwa na jibu gani?"

"Thumuni ni kubwa kuliko robo."
"Kwa nini?"
"Nane si kubwa kuliko nne?"

Mimi neno nilikuwa nalo tayari, limekaa ulimini.
Salha akainua kidole, hata hakunitazama.
"Kumbe una sababu," akamwambia.
"Na sababu yenyewe nzuri. Imekosea mlango tu.
Ndoo, kaa hapa."

Akakaa. Kreti la soda, limepinduliwa,
kati ya mteja na mteja.
Tangu siku hiyo ndilo dawati lake, alasiri tatu kwa wiki.
Malipo tulikubaliana:
nimshonee buibui la kwendea chuo
siku ada itakapopatikana.
Kitambaa nimeshakikata. Sijamwambia.

Muhula huu ripoti imekuja:
chini ya matarajio.
Nasema kweli, sina haja ya kupamba.

Ila jana usiku, watu wamelala,
nililifungua daftari chini ya taa ya cherehani.
Kuna jibu limekosewa, limekatwa mstari mmoja,
limebaki pale pale, halijifichi.
Chini yake la pili, nalo limekatwa.
Chini yake la tatu.
Nikapitisha kidole nyuma ya karatasi:
nzima.

Hilo la tatu sijui kama ni sahihi.
Sehemu zilinishinda mimi, darasa la sita,
na babake hakuwepo kunirithisha.
Nimeliacha wazi juu ya cherehani.
Akiamka nitamuuliza.