Kiti Usikiguse

Aprili. Theluji ya mwisho imebaki nyuma ya banda tu,
chafu kama soksi iliyosahauliwa.
Naivua pikipiki shuka lake kuukuu:
Jawa nyekundu, umri wake na wangu ni mmoja,
ila yeye hajanenepa.

Kopo nimelitoa chini ya sinki la mama,
polishi ya samani, ya kupulizia, harufu ya limau,
ile ile ing'arishayo kabati la vyombo
na meza tunayolia bata siku za sikukuu.

Radim, jirani, kaegemea uzio.
Ana chupa saba ndani ya kisanduku chenye kufuli,
moja ya kromu, moja ya rangi, moja ya plastiki,
na moja ambayo hata yeye hajui ni ya nini
ila ilikuwa ghali.
"Vendula," ananiita, "leo unapangusa kabati?"
Kabati, namjibu, lenye magurudumu na kiu ya petroli.

Baba alikuwa seremala.
Kwake dunia ilikuwa na vitu vya aina mbili,
vilivyopigwa randa na visivyopigwa bado.
Rangi ni rangi, alisema,
haiulizi kama chini yake pana mti au bati.
Alipulizia tambara, hakupulizia chuma;
tambara la fulana yake mwenyewe,
lililofuliwa hadi likawa laini kama sikio la mbwa.
Akalizunguka tangi la mafuta taratibu,
kama amwoshaye mtoto kichwa, sabuni isimwingie machoni,
na inzi wa kiangazi kizima, waliokaukia kwenye taa,
wakaachia bila kubishana.

Lakini alikuwa na makatazo,
akiyahesabu kwa kidole ambacho msumeno ulikula ncha yake.
Breki usiiguse.
Tairi usiliguse.
Kiti (hapo alisimama, akanikazia macho),
kiti, hata kwa bahati mbaya.

Kaka yangu Luboš alikuwa na miaka sita,
masikio yake bado ya mapambo.
Baba kaingia ndani kutafuta tai.
Luboš kaona kiti cheusi kimeachwa yatima,
akakionea huruma.
Kopo zima.

Mama akatoka na gauni la harusi ya binamu,
hariri tupu, sinia la keki za plamu mkononi,
akapanda nyuma, akakaa upande kama malkia.
Barabara iliponyooka, mama alikuwepo.
Barabara ikapinda penye ghala la zimamoto.
Baba alifika kanisani,
akazima injini, akageuka amshike mkono ashuke,
akaishusha hewa.

Walimkuta kwenye majani ya kuwasha,
hajavunjika kitu, sinia kaliinua juu ya kichwa,
na keki hazijapungua hata moja.
Siku tisa hakutamka neno.
Ya kumi alisema: "Limau."
Kisha akalificha kopo jipya ndani ya piano,
na mwaka mzima kila wimbo wetu
ulikuwa na noti moja yenye mafua.

Baba ametuachia randa kumi na nne
na hii.
Namaliza ubavu wa mwisho. Tangi limelimeza wingu zima.
Radim kasogea, hasemi kitu,
kainama kidogo tu, anajichana nywele kwenye ubavu wake.

Kidole kinagonga kioo cha dirisha.
Mama, miaka themanini na mitatu,
ananyoosha tu: pale. Kiti.
Namwonyesha tambara likiwa mbali, viganja vitupu.
Hakuniamini tangu nilipozaliwa, ataanza leo?
Anatoka na ndara zake,
anapitisha mkono juu ya ngozi, ananusa mkono.
Vumbi.
Anakubali kwa kichwa,
anafunga kitambaa vizuri chini ya kidevu.
Safari hii hakai upande.