Ya Bondeni

Apolonia hajui kusoma,
ila sarafu anaisoma kwa kidole gumba:
upande huu simba wa mikia miwili,
upande huu mzee Yoakimu na fimbo yake.
Nzito. Wakia nzima ya fedha,
fedha ile ya mwambani, kabla haijawa pesa,
na bado ina jasho la kiganja cha karani.

"Haki ya Jobst," karani amesema. "Vipande vitatu."
Jobst alishuka shimoni Jumatatu na taa yake.
Jumatano wakaipandisha taa.

Hapa Bohemia, miaka michache nyuma,
palikuwa na misonobari na magofu,
paa moja limelalia ukuta.
Kisha mtu akaukwaruza mwamba, ukamchekea meno meupe,
wakaja watu na sururu, na makahaba, na mapadri,
wakapaita Bonde la Yoakimu,
na sarafu ya pale wakaiita Yoakimstaler:
ile itokayo bonde la Yoakimu.

Jina refu hilo.
Nani ana pumzi ya kulimaliza sokoni, baridi hii?
Muuza mikate alimkata mtakatifu kichwa:
"Taleri," akasema, "nipe taleri."
Yaani, ya bondeni. Basi.
Mzee akabaki kwenye fedha, mdomoni hayumo.

Taleri ikapanda mikokoteni, ikapanda meli,
kila forodha ikamenywa herufi,
kila ulimi ukailamba kidogo,
hata ilipobisha sikioni mwetu ilikuwa dola tu.
Nasi tulikuwa na dola nyingine tayari,
ya mihuri na askari na magereza.
Tukazilaza chumba kimoja, neno moja.
Mpaka leo sijui ni ipi inayomlipia mwenzake kodi.

Iulize dola: kwenu wapi?
Itakutajia benki.

Apolonia amefika dukani. Theluji imeshika pindo.
Anaweka kipande kimoja mezani,
hakiachii.
"Mkate wa shayiri," anasema, "na chenji ya Yoakimstaler."
Analitamka lote, polepole, halimezi hata kipande,
bonde analitamka kwa sauti ya chini zaidi,
maana Jobst bado yumo.

Muuza mikate anangoja amalize.
Kisha anahesabu chenji, mara mbili.