Lami ya Usiku

Ijumaa, baada ya isha, nililala chini ya gari
na kopo la lami na brashi iliyokatika mpini.
Kutu niliiona. Siwezi kusema sikuiona.
Ilinidondokea usoni kama maganda ya kitunguu,
nikatema, nikafumba macho, nikaendelea kupaka.
Miaka kumi na tisa gari hili limekula munyu wa Mshomoroni,
limegonga matuta hadi sampu ikajua jina la kila tuta.
Juu nilikuwa nimelipiga nta:
ungeweza kunyoa ndevu kwenye boneti.

Jumamosi akaja Bwana Twalib wa duka la dawa,
na bahasha mfukoni, na mkewe, na fundi.
Fundi ni Nyevu, mwanamke mfupi, ulimi mwekundu wa mabuyu.
Hakuitazama boneti. Alichimba mchanga kwa kisigino.
"Hapa jeki itazama," akasema.
Tukalisukuma hadi kwenye saruji, mbele ya kinu cha unga.

Akavuta handbreki. Akatia gia. Akaokota mawe mawili
akayabana kwenye matairi, mbele na nyuma.
Nikacheka. "Litakwenda wapi, Nyevu? Hata mafuta halina."
Akanyoosha mkono wa kushoto:
kidole cha pete kiliishia fundo la kwanza.
"Na lile halikuwa na mafuta," akasema.

Alipapasa chini ya ukingo wa mlango,
akitafuta lile bati nene, mahali gari hukubali kubebwa.
Akalipata. Akanusa kidole.
Lami mbichi hainuki kama lami ya zamani.
Akanitazama. Mimi nikatazama kinu.

Akapiga jeki. Moja. Mbili. Tatu.
Jeki ikapanda.
Gari halikupanda.

Kwanza ilikuwa sauti ya biskuti kinywani mwa mtoto,
kisha bati likafunguka, na jeki ikaingia
kama mgeni asiyebisha hodi,
ikainua zulia, ikachungulia karibu na kiti
alichokuwa akikalia marehemu mama tukimpeleka kliniki.

Mke wa Bwana Twalib akasema, taratibu,
"Uzuri wa mkakasi…"
nusu ya pili akaimeza.

Nilidhani wataondoka. Nyevu hakuondoka.
Akashusha, akahamia mbele, kwenye boriti ya injini,
akainua, akaweka stendi mbili, akaziachia uzito polepole.
Kisha akalitikisa gari kwa bega, kwa nyonga,
kwamba kama lina nia ya kuanguka
lianguke yeye akiwa nje.
Ndipo akajilaza.
"Jeki ni ya kuinua," sauti ikatoka chini, "si ya kushikilia.
Ukilala chini ya jeki tupu, roho yako
imeshikwa na kipande cha mpira
ambacho hukijui kilinunuliwa lini."

Akanipa tochi, akanionyesha bomba la breki,
limevimba, linatoka jasho.
Brashi yangu ilikuwa imepita juu yake.
Nyeusi, safi, kama wanja.
"Hili lingekatika kwenye mteremko wa daraja la Nyali,"
akasema, si kwa ukali,
kama anayetaja bei ya nyanya.
Nje niliona viatu vya mke wa Bwana Twalib,
na kando yake vidogo, vya buluu, kimoja hakikufungwa kamba.
Sikuwa nimejua kwamba walikuja na mtoto.

Bahasha ilirudi ilikotoka.

Leo ni Jumatano. Niko uani kwa Nyevu na nyundo ndogo.
"Gonga," ameniambia, "hadi usikie chuma kinalia.
Penye kilio ndipo tutachomelea.
Hatushoni kiraka kwenye kitambaa kilichooza."
Nagonga. Pu. Nagonga. Pu.
Nimefika hadi karibu na gurudumu la nyuma.

Na lami haitoki kwenye kucha.
Nimejaribu mafuta ya taa, ndimu, mchanga.
Nyumbani wamenipa kijiko cha kulia wali.